Mita Ipime Lini? Mwongozo kwa Mafundi wa Ngara na Biharamulo

Fundi akishika multimita ya kidijiti huangalia mambo mawili: swichi ya duara imeelekea wapi, na kioo kinasoma ngapi. La tatu hulipita, nalo ndilo linaloharibu kazi nyingi: namba ile imechukuliwa wakati gani. Volti za soketi ya Biharamulo mjini saa nne asubuhi si volti za soketi hiyohiyo saa mbili usiku, na hilo halihitaji mwongozo. Tofauti inayomtesa fundi ni fupi kuliko hapo. Ni nusu sekunde ya mota ya mashine ya kusaga inapoamka, ni sekunde mbili za stata inapovuta betri ya lori, ni kufumba na kufumbua kwa inveta inayolia kisha ikazima. Mteja analalamika, wewe unapima, mita inasema kila kitu kiko sawa. Mita haidanganyi. Imepima kabla ya tatizo, au imepima baada yake.

Kuiamuru mita ichukue kipimo wakati unaoutaka wewe, wahandisi wanakuita kupiga triga. Mita za mezani zina kitufe chake maalumu. Mita ya mkononi ya bei nafuu, zile za manjano za aina ya DT830 na DT9205, haina. Nyingi zina kitufe cha HOLD tu, na nyingine hata hicho hazina. Mita za mkononi za bei ya juu zina HOLD yenye akili zaidi pamoja na kitufe cha MIN MAX. Nitakaa zaidi kwenye hizi za mkononi, kwa sababu ndizo zilizo kwenye mikoba ya mafundi wa Rulenge, Kabanga, Benaco, Nyakahura na Nyakanazi.

Wilaya hizi mbili zinalihitaji somo hili kuliko nyingi. Kwa miaka mingi miji ya Ngara na Biharamulo ilitegemea jenereta za dizeli, nje ya gridi ya taifa. Leo maji ya Mto Kagera pale Rusumo yanazungusha mitambo ya megawati 80 ya Tanzania, Rwanda na Burundi kwa pamoja, na njia ya kilovolti 220 inatoka huko hadi kituo cha kupozea umeme cha Nyakanazi, ndani ya Wilaya ya Biharamulo. Ni hatua kubwa. Lakini kilovolti 220 hazimfikii moja kwa moja mwenye saluni aliye mwisho wa laini ya kijiji cha Runazi au Murusagamba. Kati yake na transfoma kuna nguzo nyingi, na kwenye nguzo hizo kumefungwa mashine ya kusaga na pengine karakana ya kuchomelea vyuma. Kila kimoja kikiamka, volti za wote wanaofuata kwenye laini zinashuka. Pembeni ya gridi kuna sola, betri na jenereta ndogo, navyo havitulii. Unapima kitu kinachokwenda.

Ndani ya sekunde moja

Anza kwa kuijua mita yako. Multimita nyingi za bei nafuu zimejengwa juu ya chipu ya ICL7106, iliyotoka kwa kampuni ya Intersil ya Marekani miaka ya 1970, au nakala zake. Chipu hiyo haitazami waya muda wote. Inafungua dirisha, inakusanya umeme ulioingia, inafunga dirisha, kisha inahesabu muda unaotumika kuumaliza umeme ule uliokusanywa. Hesabu hiyo ndiyo namba unayoiona kwenye kioo. Ikiendeshwa kwa saa ya kilohezi 40, dirisha linakuwa wazi kwa milisekunde 100, na mzunguko mzima unachukua milisekunde 400. Yaani unapata vipimo viwili na nusu kwa sekunde, na katika kila kipimo robo tu ya muda ndiyo iliyotazamwa.

Milisekunde 100 hazikuchaguliwa kwa bahati. Umeme wetu ni wa hezi 50, kila wimbi ni milisekunde 20, kwa hiyo dirisha linameza mawimbi matano kamili. Vurugu za gridi zinazopenya kwenye waya zako unapopima betri zinajifuta zenyewe, kwa sababu nusu ya juu ya wimbi inalingana na nusu ya chini. Ndiyo maana hata mita ya bei nafuu hutulia ukipima volti 12 karibu na nyaya za umeme mkubwa.

Gharama yake ni hii: volti zikiporomoka kwa milisekunde 200 kisha zikarudi, anguko hilo linaweza kutokea lote wakati dirisha limefungwa, na kioo hakitaonyesha chochote. Dirisha likidaka nusu ya anguko, utaona wastani, namba ambayo waya haukuwa nayo wakati wowote. Ukipima umeme wa AC hali ni nzito zaidi, kwa kuwa kabla ya chipu kuna dayodi na kapasita zinazolainisha wimbi, nazo zinachelewesha mabadiliko.

Mita inayochagua masafa yenyewe ina ucheleweshaji mwingine. Ukigusa waya, inajaribu masafa madogo, inaona yamezidiwa, inapanda, inajaribu tena. Kipimo cha kwanza cha kuaminika kinaweza kuchukua sekunde nzima au zaidi. Kama unawinda tukio fupi, bonyeza kitufe cha RANGE na ufunge masafa kabla hujaanza. Hapa DT830 inaishinda mita ya bei kubwa iliyoachwa ijiamulie, kwa sababu masafa umeyachagua mwenyewe tangu mwanzo.

HOLD ni ya aina mbili

Kabla hujaitumia HOLD kazini, jua yako ni ipi. Chukua betri mbili ndogo za tochi, moja mpya na moja iliyochoka. Weka mita kwenye DC, gusa betri mpya, bonyeza HOLD. Ondoa ncha, kisha gusa ile iliyochoka. Namba ikibaki ileile, una HOLD ya kawaida: inagandisha kioo tu. Mita ikilia na namba ikabadilika yenyewe, una HOLD inayojipiga triga. Fluke waliipeleka sokoni mwaka 1983 kwenye mita yao ya 77 kwa jina la Touch Hold, na leo kwenye Fluke 87V inaitwa AutoHOLD.

Tofauti hiyo inabadilisha kazi nzima. Kwenye HOLD ya kawaida, triga ni kidole chako. Mita haijui kama namba imetulia au bado inapanda. Inagandisha ilichokuwa nacho kidole kilipotua. Ukigusa terminali na kubonyeza papo hapo, unaweza kugandisha kipimo ambacho nusu ya dirisha lake lilikuwa hewani. Gusa, acha kioo kibadilike angalau mara mbili, ndipo ubonyeze. Mikono ikiwa imeshika ncha zote mbili huwezi kubonyeza, kwa hiyo nunua klipu za kubana na uifunge ncha nyeusi. Kwenye betri klipu inabana hasi. Kwenye umeme wa nyumba, zima kwanza breka, bana klipu kwenye nyutro, washa, kisha fanya kazi kwa mkono mmoja. Mkono wa pili uweke mbali na chuma.

HOLD inayojipiga triga inasubiri namba itulie. Inalinganisha vipimo vinavyofuatana; vikikubaliana, inalia na kushika. Unatazama ncha zako muda wote, hutazami kioo, na huo ni usalama mkubwa unapopima ndani ya boksi lililojaa nyaya.

Usalama sasa, na hapa sina masihara. HOLD ya aina yoyote isitumike kuthibitisha kwamba waya hauna umeme. Ile ya kawaida ikiwa imewashwa bila wewe kujua, itakuonyesha sifuri ya dakika kumi zilizopita wakati waya una volti 230. Ile inayojipiga triga nayo hukataa kushika umeme unaoyumba, na Fluke wenyewe wanaonya hivyo kwenye vitabu vya mita zao. Kabla ya kugusa, zima HOLD, pima mahali unapojua pana umeme, pima waya unaotaka kuushika, kisha rudi upime pale pa kwanza tena. Vipimo vitatu, na cha tatu ndicho kinachosema kwamba mita haikufa katikati. Hakikisha pia mita unayopeleka kwenye ubao wa umeme imeandikwa CAT III na volti zisizopungua 300. Ile ya bei ya chini kabisa, ambayo tundu lake la ampia 10 halina fyuzi, ibaki kwenye betri na redio.

Lori lililokataa kuwaka Benaco

Malori yanayokwenda Kigali na Bujumbura yanapita Nyakanazi, Lusahunga, Nyakahura na Benaco kabla ya kufika Rusumo au Kabanga. Dereva amelala njiani, taa za kabini na redio vimekula betri usiku kucha, asubuhi stata inagugumia. Fundi anaitwa, anagusa betri mbili zilizofungwa mfululizo, anasoma volti 25.2, anasema betri nzima, tatizo ni stata. Stata inafunguliwa na nusu siku inapotea.

Volti 25.2 ni kipimo cha betri iliyopumzika. Kinasema ina chaji kiasi gani, hakisemi kama inaweza kubeba mzigo. Betri yenye sahani zilizochakaa inaweza kuonyesha volti 12.6 ikipumzika na kuporomoka mara tu stata inapoipa kazi. Kipimo kinachotafutwa kipo ndani ya sekunde chache za kupiga stata, nje ya hapo hakipo.

Fanya hivi. Usipime zote mbili kwa pamoja: kwenye DT9205 volti 24 zinakulazimisha uende masafa ya 200, ambako unasoma hatua za volti 0.1. Pima betri moja moja kwenye masafa ya 20, upate hatua za volti 0.01, na papo hapo ujue ipi ni mgonjwa. Safisha terminali kwanza. Bana klipu kwenye risasi yenyewe ya betri, si kwenye kishikio cha kebo, maana ukiweka kwenye kishikio unapima betri pamoja na kutu. Gia huru, breki ya mkono juu, utingo na nguo zake mbali na feni. Mwambie dereva apige stata kwa hesabu ya tano. Wewe hesabu kimoyomoyo mbili, bonyeza HOLD ukifika tatu. Kwa vipimo viwili na nusu kwa sekunde, mita ya bei nafuu inatosha kabisa hapa, kwa kuwa stata inavuta kwa sekunde nzima nzima. Mvuto wa kwanza kabisa utakupita, na hauhitajiki kwa uamuzi huu.

Betri ya volti 12 iliyochajiwa vizuri isishuke chini ya takribani volti 9.6 stata ikivuta. Ikishuka, na mwenzake imebaki kwenye 10.5, umeipata. Zikishuka zote sawasawa, zichaji kwanza kabla ya kuzihukumu. Huenda ni taa za usiku tu.

Zikibaki juu zote mbili na stata bado inagugumia, hamia kwenye kebo. Weka ncha moja kwenye risasi hasi ya betri na nyingine kwenye chuma cha injini. Kabla ya kupiga stata mita inasoma 0.00, na ingesoma hivyo hata kama kebo imeoza nusu, kwa sababu hakuna mkondo unaopita. Piga stata: kebo nzuri itaonyesha sehemu ndogo ya volti. Ikifika volti moja au zaidi, mkondo unapotelea kwenye muungano mbovu, na stata unayotaka kuifungua haina kosa. Rudia upande wa chanya, kutoka risasi ya betri hadi terminali ya stata. Katika vipimo vyote vya gari, huu ndio ninaoupenda zaidi, na ndio unaorukwa zaidi, kwa sababu bila triga unasoma sifuri tu.

Bodaboda yenye stata ya kitufe inapimwa vilevile kwa betri yake ndogo. Ongeza kipimo kimoja injini ikiwa imeshawaka na inazunguka kwa kasi ya wastani: betri isome kati ya volti 13.5 na 14.5. Injini ikiwa kwenye sailensa tu, namba hiyo haikuambii mengi kuhusu chaji.

Mashine ya kusaga na jirani zake

Hili ni gumu zaidi, na ndilo linaloleta ugomvi. Mwenye friji analalamika, mwenye mashine anasema yeye analipia Luku yake kama wengine, na fundi anayepima mchana mashine ikiwa imelala anasoma volti 228.

Mota ya kilowati 15 ya fezi tatu inakula karibu ampia 30 ikishazunguka. Ikiwashwa moja kwa moja, kwa muda mfupi inavuta mara tano hadi saba ya hapo. Kwenye laini ndefu yenye waya mwembamba, mkondo huo unaweza kuangusha makumi ya volti. Baada ya sekunde moja, mbili, tatu, mota imeshika kasi na volti zimerudi. Ndani ya sekunde hizo taa zimefifia, na kontakta za jirani zimetetemeka. Kontakta inayofuata kiwango cha kimataifa inatakiwa ivute kuanzia asilimia 85 ya volti zake, na inaruhusiwa kuachia zikiwa kati ya asilimia 75 na 20. Kwa koili ya volti 230, asilimia 85 ni karibu volti 195, na asilimia 75 ni 172. Umeme ukicheza kati ya namba hizo, kontakta isiyokuwa imevuta inaweza kushindwa kuvuta.

Kitufe cha MIN MAX ndicho dawa. Mita inaendelea kupima, na kila ikipata namba ndogo kuliko zote zilizotangulia inaiweka, na kubwa vilevile. Tukio linajipigia triga lenyewe; wewe unaweza kuwa umesimama mlangoni. Ila soma kitabu cha mita ujue kasi yake. Kwenye Fluke 87V, MIN MAX ya kawaida inadaka badiliko linalodumu milisekunde 100 au zaidi, na hali ya PEAK inadaka la maikrosekunde 250. Hizo ni kazi mbili tofauti. PEAK kwenye AC inakupa kilele cha wimbi, ambacho kwa volti 230 ni karibu 325, kwa hiyo usije ukamwambia mteja umeme umezidi. Kwa mashine ya kusaga tumia ile ya milisekunde 100.

Tengeneza waya wa kupimia wenye plagi upande mmoja na pini za kuingia kwenye mita upande wa pili, fezi na nyutro zikiwa zimefunikwa kabisa, ili usichokonoe soketi kwa ncha huku unasubiri. Chomeka kwa jirani anayelalamika, wala usichomeke kwenye mashine. Unatafuta umeme unaomfikia yeye. Kama mashine ni ya fezi moja, hakikisha jirani yuko kwenye fezi hiyohiyo. Funga masafa, bonyeza MIN MAX, subiri dakika moja ili upate hali ya kawaida, uiandike. Kisha mpigie simu mwenye mashine awashe. Andika MIN. Futa, subiri mota ipoe, rudia mara moja au mbili ukiridhika kwamba namba zinafanana. Usimfanye mtu awashe mota mara kumi mfululizo kwa ajili ya kipimo chako: kila kuwaka kunapasha koili moto, na ukiiunguza utakuwa umeleta msiba mpya.

Huna MIN MAX? Tumia simu. Iegemeze irekodi video ya kioo cha mita, karibu na dirisha ili sauti ya mota iingie. Baadaye isogeze picha kwa picha. Mita bado inasoma mara mbili na nusu kwa sekunde, hilo simu haiwezi kulibadilisha, lakini hakuna namba itakayokupita, na sauti ya mota inakuambia kila namba ilitokea wakati gani. Ukiona 224, 224, 201, 209, 219, elewa kwamba anguko halisi lilikuwa chini ya 201, kwa sababu mita ilikupa wastani. Huwezi kusema lilikuwa ngapi hasa. Unaweza kusema kwa uhakika kwamba lilitokea mota ilipoamka.

Tenganisha pia mambo mawili unapozungumza na mteja. Kiwango cha kimataifa cha IEC 60038 kinataka umeme wa volti 230 ukae ndani ya asilimia 10, yaani kati ya 207 na 253, katika hali ya kawaida ya kutumia. Kushuka hadi 190 kwa sekunde moja mota inapowaka ni tatizo la uwashaji, na mwenye mashine anaweza kulipunguza kwa stata ya nyota na delta, ambayo inapunguza mkondo wa kuwashia kwenye laini hadi theluthi. Kukaa kwenye 198 jioni nzima ni tatizo la laini au transfoma, na hilo halimhusu yeye. Fundi anayechanganya hayo mawili anawagombanisha majirani bure.

Betri ya sola na kusubiri

Kwenye sola, triga ni saa ya ukutani. Betri ya risasi ikipimwa saa saba mchana, paneli ikisukuma, itasoma 13.8 hata kama ni mbovu. Hiyo ni volti ya kontrola. Ikipimwa usiku taa zote zikiwaka, itasoma chini ya uwezo wake. Ipime alfajiri kabla jua halijagusa paneli, mizigo yote ikiwa imezimwa kwa saa kadhaa. Hapo 12.6 au 12.7 ni betri iliyojaa, na 12.2 imebaki takribani nusu. Betri za lithiamu aina ya LiFePO4 hazisomeki hivyo, kwa kuwa volti zake hukaa karibu palepale kwa sehemu kubwa ya chaji.

Kusubiri kunahitajika pia ukifungua inveta. Kapasita zake kubwa zinashika umeme hata baada ya betri kuondolewa. Weka mita kwenye DC, masafa makubwa, tazama namba ikishuka hadi karibu na sifuri, HOLD ikiwa imezimwa. Usikadirie kwa kuhesabu dakika.

Mita ya mezani

Ukikutana na mita ya mezani chuoni au kwenye karakana kubwa, utaona mambo haya yote yamepangwa waziwazi. Chukua mfano wa 34401A, iliyotolewa na Hewlett-Packard mwaka 1991, baadaye ikaitwa Agilent na kisha Keysight; bado imejaa kwenye maabara duniani. Ina maswali manne unayoijibu. Amri itoke wapi: kwa mita yenyewe bila kukoma, kwa kitufe cha Single, kwa kompyuta, au kwa tundu la Ext Trig lililo nyuma? Ikishaamriwa isubiri muda gani kabla ya kupima? Kwa amri moja ichukue vipimo vingapi? Na kila dirisha liwe mawimbi mangapi ya gridi, kuanzia 0.02 hadi 100? Kwa hezi 50, 0.02 ni milisekunde 0.4, na 100 ni sekunde mbili. Ukitaka kasi unapoteza utulivu wa namba, ukitaka utulivu unapoteza kasi.

Swali la pili ndilo wanafunzi wengi huliruka. Ukipima ukinzani mkubwa kupitia kebo ndefu, kebo yenyewe ni kapasita ndogo inayohitaji muda wa kujaa. Mita ina ucheleweshaji wake wa kujipangia, ambao mara nyingi unatosha. Kwa kebo ndefu ongeza wewe. Tundu la Ext Trig linapokea mpigo unaoshuka kutoka volti 5 hadi sifuri. Swichi rahisi ya mguuni inayoliunganisha na ardhi inatosha, nawe unapima bodi moja baada ya nyingine mikono yote ikiwa kwenye ncha. Mita inaweza kuhifadhi ndani yake vipimo 512.

Anayependa kujitengenezea anaweza kupata kazi ya namna hiyo kwa bodi ya Arduino Uno, ambayo inasoma volti 0 hadi 5 katika muda wa karibu sehemu moja ya elfu kumi ya sekunde. Kwa betri ya volti 12, gawanya kwa rezista za kilo-omu 20 na 10, ili volti 15 ziingie kama 5. Iandikie programu ihifadhi vipimo vya mwisho kwa mzunguko, na volti zikishuka chini ya 10 iendelee kidogo kisha isimame. Utakuwa na picha ya kabla na baada ya anguko, kitu ambacho HOLD yoyote haiwezi kukupa. Usiiunganishe na umeme wa nyumba moja kwa moja kwa namna yoyote.

Unachoandika kwenye daftari

Namba bila wakati wake haitamsaidia fundi atakayekuja baada yako, wala ofisi ya TANESCO ya wilaya mteja akienda kulalamika. Andika saa, mahali pa kupimia, fezi, masafa, na njia uliyoipata namba: kioo cha kawaida, HOLD, MIN MAX au video. Andika nini kilikuwa kinawaka, na nini kiliwashwa namba ilipochukuliwa. Kama kazi inahusu kubadilisha nyaya za jengo, iwe chini ya mtu mwenye leseni ya EWURA, na daftari lako limfikie. Mwisho wa ukurasa andika kama alama ya betri ilionekana kwenye kioo cha mita. Multimita ya bei nafuu yenye betri iliyochoka husoma volti juu kuliko zilivyo, na vipimo vya siku hiyo itabidi virudiwe.